Kuchunga kondoo na mbwa siku nzima mkiwa na marafiki: tupeane mbinu

#1 LangoWazi

Wakuu, uzi huu ni wa wale wanaotaka kukutana marafiki watatu wanne na mbwa wao, waingie malishoni na kundi dogo asubuhi, na jioni warudi huku kondoo bado wanacheua. Siku ya namna hii huharibiwa na haraka ya watu. Mbwa akiona mtu ana haraka naye huongeza mbio, na kondoo humalizia.

Naanza na hesabu. Kwa watu wanne na mbwa watatu, kondoo 15 hadi 30 wanatosha. Mkiwa na kondoo watatu au wanne tu, kundi halishikamani vizuri. Mmoja akichomoka, mbwa anaishia kumkimbiza huyo mmoja, na hapo si kuchunga tena. Wakizidi 50, mliosimama upande huu hamuoni kinachotokea upande ule. Chagua kondoo waliozoeana. Ukichanganya makundi mawili asubuhi ile ile, yatajigawa kila mkiyasogeza, na mtamlaumu mbwa bure.

Wa kubaki zizini: majike walio kwenye wiki sita za mwisho za mimba (kondoo hubeba siku 147 hivi), mama wenye watoto wachanga, na yeyote anayechechemea. Mama mwenye mtoto mchanga hamkimbii mbwa. Anageuka, anapiga kwato chini, kisha anamshukia kwa kichwa. Mbwa mchanga akipigwa hivyo mara mbili anaweza kukataa kazi kwa miezi.

Ratiba iwafuate kondoo. Wao hula sana baada ya jua kuchomoza na kabla halijazama, na katikati ya mchana hulala kucheua. Kwa hiyo kazi ya mbwa iwe asubuhi, mchana kila mtu kivulini, jioni mnarudi. Mkiwapeleka mbio mchana mnawanyima muda wa kucheua, halafu jioni wana njaa na hawasikii la mtu.

#2 Bi_Filimbi

Umeanza vizuri LangoWazi. Naongeza mahali pa kusimama, maana hapo ndipo wageni wengi hukosea.

Fikiria uso wa saa ya ukutani, kundi likiwa katikati. Wewe uko kwenye namba 6, mbwa kwenye namba 12. (Nasema namba iliyoandikwa kwenye saa, jamani, si saa tunavyoitamka, saa sita yetu mshale uko kwenye 12 na mtachanganyikiwa.) Mbwa wa kukusanya, kama Border Collie, amezaliwa na hamu ya kuwa mkabala na wewe. Ukisogea kwenda 7, yeye huenda 1. Ukienda 5, yeye huenda 11. Maana yake unamwongoza kwa miguu yako kabla hujafungua mdomo. Mtu anayerandaranda huku akitoa amri anampa mbwa habari mbili zinazopingana.

Anapotumwa kukusanya, asipite njia iliyonyooka. Njia nzuri ina umbo la kibuyu: nyembamba karibu na wewe, pana karibu na kundi, ili afike nyuma yao bila kuwatia hofu. Akikata kona, kondoo wataondoka kabla hajafika na atabaki anawafukuzia pembeni. Dawa yake si kupiga kelele. Fupisha umbali. Anayekata kona kwenye mita 150, mrudishe kwenye mita 40, wewe simama kati yake na kundi, na umtume akupite kwa nje. Akiweza hapo mara kadhaa, ongeza mita 20.

Akifika nyuma, asimame. Hesabu moja, mbili, tatu. Kondoo watainua vichwa, masikio yatageuka, kisha mmoja atapiga hatua. Hapo ndipo unamruhusu asogee, tena kwa kutembea. Hizo sekunde tatu zina thamani kuliko amri zote za siku hiyo: kundi lililoondoka kwa kutembea huendelea kutembea, na lililoondoka kwa kukurupuka hukurupuka hadi mwisho.

#3 MgeniMalishoni

Shikamooni wakubwa. Je, wale marafiki wasio na mbwa wakae wapi? Au wabaki kivulini tu?

#4 LangoWazi

Marahaba. Wana kazi, tena muhimu: ni ukuta unaotembea.

Kila kondoo ana duara lake, ukiingia ndani yake anaondoka. Kwa kondoo waliozoea watu duara hilo ni hatua mbili tatu. Kwa waliokulia mbali na watu linaweza kuvuka mita 20. Rafiki akae nje kidogo ya duara, mahali ambapo hamtaki kundi liende: mdomo wa bonde, pengo la uzio, ukingo wa shamba la mazao. Asimame wima, mikono chini, kimya. Kondoo wakimwangalia na kuendelea kula, yuko mahali sahihi. Wakiacha kula na kukusanyika, arudi nyuma hatua tano.

Akitakiwa kusogeza kondoo mmoja, alenge bega. Ukisogea nyuma ya bega anakwenda mbele, ukisogea mbele ya bega anageuka. Usimfuate nyuma kabisa, sawia na mkia. Macho yake yako pembeni na anaona karibu pande zote, ila pale nyuma haoni, kwa hiyo atasimama na kugeuka kukutazama. Tembea ukikata huku na huku, akuone kwa jicho hili kisha lile.

Na jaketi! Kila siku ya marafiki kuna mtu anatundika jaketi kwenye nguzo ya lango, halafu watu wanajiuliza kwa nini kondoo hawapiti.

#5 Kivuli_Mrefu

Suala la amri tuliongelee, maana watu wanafundisha "kulia" na "kushoto" na inawatokea puani. Kwanza, maneno yote mawili yanaanza na "ku", na mbwa aliye mbali anaanza kukimbia kwenye silabi ya kwanza. Pili, kulia kwa nani? Akikugeukia, kulia kwake ni kushoto kwako.

Tumieni mwelekeo wa mshale wa saa kuzunguka kundi. Huo haubadiliki hata mbwa akiwa upande gani. Maneno yanayofaa ni "Saa" kwa kufuata mshale na "Kinyume" kwa kwenda kinyume chake. Moja fupi, jingine la silabi tatu, hayafanani hata kwenye upepo.

#6 Bi_Filimbi

Nakubali nusu, mkuu. "Saa" na "Lala" kwa mbali ni irabu ile ile: mbwa aliye mita 200 anasikia "aaa" tu, na ukimwambia alale anaanza kuzunguka. Ukichagua "Saa", basi kusimamisha iwe "Chini" au, bora zaidi, filimbi.

Filimbi ya wachungaji ni kipande bapa cha chuma au plastiki kilichokunjwa, chenye tundu moja juu na moja chini, kinachokaa ndani ya midomo juu ya ulimi. Ulimi ndio unaobadilisha sauti. Kuipata sauti safi huchukua wiki moja au mbili za kupuliza mbali na mbwa. Msijifunze mbele yake, atadhani kila mlio wa ovyo ni amri. Mpango rahisi: mlio mmoja mrefu ulionyooka ni kusimama, milio miwili mifupi ni kusogea mbele, unaopanda ni upande mmoja, unaoshuka ni upande wa pili. Kuhamisha mbwa kutoka maneno kwenda filimbi, puliza kwanza, kisha sema neno analolijua, kila mara kwa mpangilio huo. Ukianza na neno, filimbi inakuwa kelele tu baada ya kazi.

Kitu kingine: neno la kumaliza kazi. Wengi wanatumia "Basi!" kwa sababu linakuja lenyewe mdomoni. Tatizo ni kwamba sisi tunasema "basi" kila sentensi ya pili. Mkiwa marafiki wanne mnapiga soga, mbwa ataitwa kutoka kazini mara kumi. Tumieni "Imetosha".

#7 Kivuli_Mrefu

Hapo kwa "basi" umenimaliza 😂 Nakubali. Na mtu mmoja tu atoe amri kwa mbwa mmoja. Wengine wakiona kosa wanyamaze, hata kama wana hakika.

#8 DawaZizini

Naingia kwenye afya, na nitakuwa mrefu kidogo.

Joto. Mbwa mwenye afya ana nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Akikimbia anapanda haraka, na akifika 41 yuko hatarini. Mbwa wa kondoo hatasimama mwenyewe. Hamu ya kazi inazidi akili. Angalia ulimi: ukiwa umepanuka mwisho kama kijiko na kujikunja kando, mpumzishe sasa hivi. Akiyumba miguu ya nyuma, akikupuuza, au fizi zikiwa nyekundu sana, mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na kwenye kinena, na mpate upepo au mumpepee. Msimfunike taulo lililolowa. Linapata joto na kulifungia ndani. Poza kwanza, safari ya kwa daktari baadaye, ila safari iwepo. Maji ya kunywa bebeni angalau lita 3 kwa kila mbwa, anywe kidogo kidogo kila baada ya kazi. Chakula kikubwa asipewe kabla tu ya kukimbia wala mara anapomaliza. Acha lisaa lipite.

Kondoo nao. Mwenye manyoya mengi huhema haraka mdomo umefungwa, kisha hufungua mdomo. Mdomo ukifunguka mmechelewa: mbwa wote chini, kundi kivulini nusu saa. Kondoo mmoja anaweza kunywa lita 4 hadi 10 kwa siku kutegemea joto na majani, kwa hiyo kundi la 20 linahitaji kijito au birika kubwa, si ndoo mbili za marafiki.

Dawa za minyoo. Hili watu hawalijui na linaua. Baadhi ya mbwa wa jamii ya Collie wana hitilafu ya kurithi katika jeni inayoitwa MDR1, na kwao ivermektini huingia kwenye ubongo. Collie wa manyoya marefu wengi sana wanayo, Australian Shepherd karibu nusu, Border Collie ni wachache lakini wapo. Kondoo akinyweshwa ivermektini, sehemu kubwa hutoka na kinyesi, na mbwa hupenda kula hicho kinyesi. Kwa hiyo msilete mbwa kwenye kundi lililonyweshwa dawa siku chache zilizopita, na dawa iliyomwagika au bomba tupu visiachwe ovyo. Dalili ni mboni kupanuka, kudondosha mate, kuyumba, kisha kulala asiamke.

Na tegu. Mbwa akila maini au mapafu mabichi ya kondoo yenye malengelenge, anapata tegu mdogo sana wa Echinococcus, na mayai yanayotoka na kinyesi chake humwingia binadamu na kuota uvimbe kwenye ini au mapafu. Nyama za ndani mbichi asipewe kabisa. Mbwa anayekaa na kondoo apewe prazikwanteli (dawa ya tegu) kila wiki sita hivi, kwa sababu tegu huyo huanza kutoa mayai baada ya muda unaokaribia huo. Mkimaliza kumshika mbwa, oshani mikono kabla ya kula. Najua mnapenda kugawana mkate na mbwa, lakini ndiyo hivyo.

#9 MgeniMalishoni

Asante daktari. Je, mbwa watatu wafanye kazi pamoja au kwa zamu? Mmoja ni wa miezi saba.

#10 LangoWazi

Kwa zamu. Mmoja kazini, wawili wamefungwa kivulini mahali wasipoliona kundi. Mbwa aliyefungwa akiwa anaona kondoo atalia na kujirusha, na makelele yake yanamharibia mwenzake. Zamu iwe dakika 10 hadi 15 kwa mbwa aliyeiva, na kondoo wale wale wasifanyishwe kazi na mbwa wote watatu mfululizo. Baada ya kila zamu waacheni wale angalau nusu saa. Mbwa wawili kwa pamoja ni kwa wale tu ambao kila mmoja ana seti yake ya milio.

Wa miezi saba aangalie akiwa kwenye kamba. Wengi huwa tayari kati ya miezi 8 na 12, ila umri si kipimo pekee: awe na mbio za kumpita kondoo na kumtangulia. Asiyeweza kumtangulia atajifunza kufukuza kutoka nyuma, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi. Siku ya kwanza mtumie kondoo wapole sita hivi, eneo dogo lililozungushiwa uzio bila kona kali, kamba nyepesi ya mita 10 ikiburuta chini isiyo na fundo mwishoni (fundo hunasa kwenye vichaka). Dakika tano. Mwache akiwa bado anataka.

Angalia mkia wake pia. Ukiwa chini, yuko kazini. Ukipanda juu kama bendera, anacheza, na baada ya mchezo meno hufuata.

#11 Bi_Filimbi

Meno yakifuata: simamisha, nenda mwenyewe katikati ya mbwa na kondoo, mwondoe bila kumchapa. Kisha tafuta sababu. Mara nyingi ni nafasi finyu: kondoo wamebanwa kwenye kona, mbwa hana pa kupita, anapata woga na kushika. Kondoo aliyeumwa fungua manyoya kwa vidole mpaka uone ngozi, kwa sababu tundu la jino ni dogo na manyoya hulifunika. Punguza manyoya pale, osha kwa maji ya chumvi, na mwite daktari wa mifugo. Jeraha lililofunikwa hualika nzi na funza.

Kundi likigawanyika, silika ya kila mtu ni kuwafuata wachache waliokimbia. Fanya kinyume: mbwa chini, kundi kubwa lisimame mahali wanapoweza kuliona. Kondoo hawapendi kuwa wachache, watarudi. Wasiporudi, lisogeze kundi kubwa kuwaendea.

Na mkimwona kondoo amelala chali miguu juu, mtu aende mbio, hapo pekee naruhusu mbio. Gesi inajaa tumboni na anaweza kufa ndani ya saa chache. Mgeuze kwa ubavu, msimamishe, mshikilie kwa magoti yako pande zote mbili dakika kadhaa mpaka miguu ikubali. Ukimwachia mara moja atalewalewa na kuanguka tena. Msimwinue kwa kuvuta manyoya, yanachubua nyama. Mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine matakoni.

#12 Kivuli_Mrefu

Kwa wanaotaka mchezo kidogo kabla ya chakula: shindano dogo la kirafiki. Mashindano ya kwanza yanayojulikana Uingereza yalifanyika Bala, Wales, mwaka 1873, na kanuni zinazotumiwa sana leo ni za International Sheep Dog Society (chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo) iliyoanzishwa 1906. Alama zake ni rahisi kuiga: kukimbia kwenda nyuma ya kundi 20, kuliondoa 10, kulileta 20, kulipeleka mbali 30, kutenga kondoo 10, kuingiza zizini 10. Jumla 100. Mwamuzi haongezi, anapunguza kwa kila kosa.

Kondoo 5. Malango mawili ya kupitishia, upana kama mita 6 na nusu. Zizi dogo la mita 1.8 kwa 2.4, lango lake lina kamba ya mita 1.8, na mchunga akishaishika kamba haiachii mpaka kondoo waingie. Hiyo kamba ndiyo inayochekesha: mtu anataka kwenda kumsaidia mbwa, kamba inamkumbusha.

Kwa marafiki wanaoanza, ondoeni kutenga na kupeleka mbali. Atakayeleta kondoo polepole ashinde. Msipime kwa saa.

#13 LangoWazi

Kurudi zizini. Lango lifunguliwe kabla kundi halijafika, wala mtu asisimame ndani mkabala na mwanya. Wapitisheni ukingoni mwa uzio ili uwaongoze langoni. Mbwa asimame mita 10 hadi 15 nyuma. Kondoo wa mbele atashusha kichwa, atanusa kizingiti, atatazama kivuli cha nguzo. Hapo msifanye chochote! Akisukumwa wakati anaamua, anageuka, na wote nyuma yake wanageuka naye. Akipita yeye, waliobaki wanamiminika.

Kuhesabu: acha mwanya wa mita moja hivi wapite wawili wawili. Watu wawili wahesabu kila mmoja kimya kimya, na kila 20 mnahamisha kijiwe kutoka mfuko huu kwenda ule. Mkitaja namba kwa sauti mtaambukizana makosa.

#14 MgeniMalishoni

Na hesabu ikipungua mmoja?

#15 DawaZizini

Rudini kwanza pale walipolala kucheua mchana, kisha mitaroni na chini ya vichaka vya miiba. Ama amenasa manyoya, ama amelala chali, ama ni mgonjwa na alikuwa nyuma siku nzima. Msimtume mbwa kumkusanya kondoo mmoja, hatachungika, atakimbia mpaka aanguke. Chukueni wapole wanne kutoka zizini, watembezeni taratibu hadi karibu naye, na mbwa abaki kwenye kamba. Akiwaona atakuja mwenyewe, na mtarudi na watano.